Siku Tatu za Moshi Mkavu

Kiwandani hakuna anayemwita mjomba wangu kwa jina lake. Wanamwita Geji. Geji ni ile saa ya duara iliyofungwa kwenye boila, ina mshale unaoonyesha mvuke umefika wapi kabla haujakulipukia. Mjomba naye ndivyo alivyo. Ukimuuliza kitu hakujibu papo hapo, anakutazama usoni kwanza kama anasoma mshale, ndipo anafungua mdomo. Wenzake wanasema ukimsalimia asubuhi, jibu unalipata mchana.

Amekaa na boila ile miaka ishirini na sita. Kiwanda ni cha mafuta ya kupikia na sabuni. Mbegu zinakamuliwa, na maganda yake hayatupwi, yanachomwa kwenye boila ili yatoe mvuke wa kukamulia mbegu nyingine. Alianza kama mbeba magunia. Fundi wa zamani akaona kijana huyu ana sikio, maana boila inasikilizwa kabla ya kutazamwa, akamvuta ndani. Siku hizi mjomba anaweza kuwa amekaa nyumbani anakata kucha, akainua kichwa na kusema, "Leo wanalisha haraka haraka, wana haraka ya nini hawa." Ukienda kuuliza, kweli.

Anasikia kwa sababu nyumba yetu imepakana na kiwanda. Ukuta wao uko nyuma ya bafu letu. Tulikuwa tunakaa watatu: mjomba, bibi ambaye ndiye mama yake, na mimi. Mke wa mjomba aliondoka zamani, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu mara mbili. Mimi niliacha shule kidato cha pili, nikauza vocha, nikaosha magari, nikawa kila mwezi na kazi mpya, mpaka mjomba alipochoka kunitazama akanitafutia nafasi ya kufunga maboksi ya sabuni. Bibi alifurahi sana.

"Mume wangu ameajiriwa," alisema. "Sasa nidai hata kanga au nisubiri kwanza?"

"Subiri kwanza, mke wangu."

"Nilijua tu. Nimeolewa na maneno."

Lakini hiyo sentensi hakuimaliza kwa mkupuo. Alikuwa anasema maneno matatu anapumzika, mawili anapumzika, mkono kifuani. Yeye alikuwa anasema injini inapanda mlima, tumpishe. Ilikuwa ni moshi. Masizi yalikuwa yanatua kwenye kila kitu, kwenye mfuniko wa ndoo, kwenye mashuka, hata sabuni ya kufulia yenyewe ukiiacha nje inaota madoa. Daktari alimpa dawa ya kuvuta, akatuambia wazi kwamba dawa itasaidia kidogo tu, anachohitaji huyu mama ni hewa nyingine.

"Inauzwa duka gani?" bibi akamuuliza.

Kuhama hakutaka hata kusikia. Nyumba ile alijenga na babu, tofali kwa tofali, na majirani zake wote aliozeeka nao wako hapo. Kwa hiyo zilipokuja habari kwamba serikali imekiamuru kiwanda kifunge mtambo wa kusafisha moshi, kwetu hazikuwa habari za kiwandani. Ilikuwa bibi abaki kwake au asibaki.

Wataalamu walikuja watatu. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kofia ngumu na daftari lililofungwa kwa mpira, sisi tulimwita Injinia basi. Siku ya kwanza alitukusanya kantini. Mimi nilidhani wataalamu wanafungua kitabu cha picha, wanachagua mtambo wa bei kubwa, wanakwenda zao. Kumbe sivyo. Yule mama alianza kwa kuuliza. Moshi wenu una joto gani? Vumbi lake ni la chembe kubwa au unga? Ni mkavu au una majimaji? Maji hapa yanakatika? Nani atakayeutunza huo mtambo, na anajua nini?

Halafu akatuchorea mitambo mitatu ubaoni. Wa kwanza anauita kimbunga, ni kama faneli kubwa ya chuma, moshi unaingia unazungushwa kwa kasi mpaka vumbi zito linagonga ukuta na kuanguka chini. Ni rahisi, hauharibiki, lakini vumbi jepesi unaliachia. Wa pili ni sanduku la bati kubwa kama chumba, ndani yake imening'inia mifuko ya kitambaa mirefu kuliko mtu, na moshi unapita kwenye kitambaa kama chai kwenye chujio. Huo unakamata karibu kila kitu, lakini hautaki unyevu. Wa tatu ni mnara wa maji, moshi unaogeshwa kwa manyunyu. Huo hauogopi unyevu, ila unakula maji na unakuachia tope ambalo lazima ulitafutie pa kwenda.

"Sasa mama, hiyo mifuko ikichafuka tutafua kwa sabuni yetu?" akauliza dereva wa lori.

"Inapigwa upepo kutoka ndani, inajikung'uta yenyewe," Injinia akasema. "Sabuni yenu uza tu, baba."

Watu wakacheka. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau. Alisema mtambo bora haupo duniani, upo unaoufaa moshi fulani. "Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ni kuujua moshi wenu. Jumatatu mpaka Jumatano tutapima. Nataka niuone ukiwa katika hali ya kawaida."

Hilo neno kawaida ndilo lililotumaliza.

Jumapili mjomba hakupumzika. Alikwenda kiwandani na wenzake wawili, wakasugua mabomba ya ndani ya boila kwa brashi ya waya mpaka yakang'aa. Mimi nilipelekwa nikasaidie. Nyuma ya boila kuna rundo la maganda kubwa kama kilima, linakaa wazi, mvua inalinyeshea na umande unalilalia. Ndiyo yanayochomwa siku zote. Pembeni kuna banda dogo lenye paa, lina maganda makavu ya dharura. Mjomba akaamuru tuchote ya bandani tu, tena tuyachekeche.

"Mjomba, na haya ya nje?" nikauliza.

"Hayo ni ya kula wenyewe."

Nikacheka. Nilimwelewa vizuri kabisa. Kwetu mgeni akija unatoa vikombe vya kabatini, unafagia mpaka uani, unamfukuza mtoto akanawe miguu. Hakuna mtu anayeona huo ni uongo. Mjomba ameitunza boila ile miaka ishirini na sita, wageni wanakuja kuitazama na vyombo vyao, waikute na tope mdomoni? Hakufikiria zaidi ya hapo, na mimi sikufikiria hata hapo.

Siku tatu wakapima. Vijana wa Injinia walipanda juu ya bomba la moshi, wakaingiza kijiti cha chuma tundu la ubavuni, wakauvuta moshi upite kwenye karatasi nyeupe ya mviringo, kisha karatasi inapimwa uzito. Mjomba alikuwa chini, analisha kwa mkono wake, kidogo kidogo, mshale haukutikisika. Karatasi zilitoka na kijivu chepesi kama majivu ya sigara. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu Injinia alikuja akasimama karibu naye, karatasi mkononi.

"Fundi, kazi yako nzuri sana. Hii ndiyo hali ya kawaida?"

Mjomba akamsoma usoni kama desturi yake. "Kawaida kabisa, mama."

"Siku mbaya inakuwaje? Na yenyewe naihitaji."

"Kwenye boila hii hakuna siku mbaya."

Aliniambia baadaye kwamba alipoulizwa kawaida, yeye alisikia inavyotakiwa iwe. Boila ikiendeshwa kama inavyotakiwa, ndivyo inavyokuwa. Hakudanganya, alisema. Halafu akasema labda alidanganya. Fomu ilikuwa na mstari ulioandikwa hali ya kawaida ya uendeshaji, akaweka sahihi yake pale kwa herufi za kupendeza.

Hiyo ningeweza kumsamehe. Hata yeye angeweza kujisamehe. Ya kantini ndiyo mbaya.

Baada ya mwezi Injinia alirudi na jedwali kubwa, akalibandika ukutani. Kila swali lilikuwa na uzito wake, na kila mtambo alama zake. Kukamata vumbi, gharama, umeme, maji, nafasi, matengenezo. Alitueleza safu kwa safu, bila kuruka. Kimbunga kilibaki nyuma mapema. Mifuko ikapata themanini na moja, mnara wa maji sabini na nne. Meneja alikuwa amekaa mbele, mkono juu ya bega la mjomba, na alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu wote kwamba vipimo vile vizuri vimetokana na mtu mmoja, Geji, na kama kila idara ingekuwa na Geji kiwanda kingekuwa mbali. Watu walimpigia makofi. Nadhani ni mara ya kwanza kupigiwa makofi maishani.

Injinia akagonga jedwali kwa kalamu. "Tazameni hapa. Mifuko inashinda kwa sababu moja, moshi wenu ni mkavu. Ungekuwa na unyevu, kitambaa kingeziba, na mimi ningewapa mnara hata kama unakula maji. Kwa hiyo naomba nisikie kama kuna mtu ana neno kuhusu unyevu."

Mimi niliuona mkono wa meneja ukiwa bado begani. Nilimwona mjomba akitazama jedwali, akitazama ile safu, na najua alijua, kwa sababu shingo yake ilikakamaa kama anaposikia feni ina kasoro. Nikasema moyoni, atasema sasa. Anamsoma tu kwanza, kama kawaida yake. Atasema. Injinia akahesabu pumzi tatu au nne, akafunga daftari kwa mpira wake.

Na mimi nilikuwa nyuma, kikombe cha chai mkononi, najua yote. Nimeyachekecha yale maganda kwa mikono yangu. Nilikuwa na mdomo.

Mifuko ikafungwa kiangazi, na nisiseme uongo, ilifanya kazi. Wiki ya kwanza watu wa mtaa walikuwa wanatoka nje kutazama bomba kama limezimika. Bibi alifua mashuka meupe yote aliyokuwa ameyaficha kwenye sanduku, akaanika, akaweka kiti karibu akayalinda. Jioni akayashika, meupe. Akamwita mjomba aje ayanuse.

"Nusa, baba. Hayana kitu."

Mjomba akanusa, akaingia ndani upesi. Bibi alidhani ni aibu ya sifa.

Mwezi mzima ule alizungumza sentensi nzima nzima. Alinitukana bila kupumzika katikati, nikafurahi.

Mvua zikaanza. Banda lilikuwa limeishiwa makavu, na kilima cha nje kilichokaushwa na jua la kiangazi kikalowa. Moshi ukatoka mzito, una mvuke na mafuta mafuta, ukaingia kwenye mifuko, na vumbi likawa uji. Mifuko ikaganda. Upepo wa kujikung'uta ukapiga bure. Feni ikaanza kulia, moto ukaanza kurudi mdomoni mwa boila, siku moja uliunguza nyusi za mlishaji. Wakabadilisha mifuko, mipya ikaziba kwa siku tisa. Ule mtambo ulikuwa na mlango wa pembeni wa kupitishia moshi moja kwa moja kwenye bomba wakati wa matengenezo. Meneja akasema ufunguliwe kwa siku mbili tu. Mjomba akaufungua kwa mkono wake. Siku mbili hizo mpaka leo hazijaisha.

Na sasa ikawa mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu mwanzo ukilalamika kuna mtu anaandika. Majirani walipokwenda ofisi za serikali safari hii waliambiwa, mbona kiwanda chenu kimeshafunga mtambo, tena wa kisasa, hati yake hii hapa. Wakarudi wameduwaa.

Mjomba alijaribu. Kila Jumapili alikuwa juu ya kile kilima anakigeuza kwa koleo, anakifunika kwa maturubai ya kuazima, mgongo umepinda. Aliomba wajenge paa. Meneja alimjibu, "Geji, si wewe uliyesema hapa hakuna siku mbaya?" Hakuwa anamsuta, alikuwa anatania tu. Lakini mjomba alinisimulia maneno hayo mara nne kwa wiki moja.

Bibi alibanwa asubuhi moja akiwa anatandika kitanda. Alilazwa siku kumi na moja. Alipotoka daktari hakumuuliza yeye kama atahama, alimuuliza mjomba, na jibu likawa moja. Mama yangu akaja kumchukua akakae kwake, mji mwingine, mwendo wa siku nzima. Bibi aliondoka na begi dogo, akakataa kuaga majirani kwa sababu, alisema, anarudi mvua zikikatika.

"Mume wangu," akaniambia mlangoni, "usilete mwanamke mwingine chumbani kwangu."

"Nani atanikubali?"

"Kweli pia."

Kila Ijumaa mchana alipiga simu, na kila mara baada ya salamu aliuliza, "Moshi umeisha?" Mjomba alijibu, "Unapungua, mama." Alikuwa anaweka simu mezani halafu anaitazama.

Mwezi wa tano wa hiyo unapungua, aliamka, akavaa shati la harusi za watu, akaniambia twende. Tukapanda basi mpaka ofisini kwa Injinia. Ofisi yenyewe ndogo, mafaili mpaka dirishani, na yale makaratasi ya mviringo yamepangwa kwenye vikopo vya plastiki. Mjomba hakukaa. Alimweleza yote amesimama: banda, kuchekecha, mabomba tuliyoyasugua Jumapili, kantini. Alisema, "Uliuliza mara mbili, mama. Mara zote mbili nilikuwepo."

Injinia alivua miwani. Hakukasirika, na nadhani mjomba angependa akasirike.

"Kaa, Fundi." Mjomba akakaa. "Unajua karatasi zako zilipishana kiasi gani kwa siku tatu? Karibu hakuna. Boila ya maganda haiwi hivyo. Niliona. Nikajisemea huyu fundi ni hodari, na nilikuwa na viwanda vingine vinne vya kumaliza mwezi ule. Ningekuja siku yoyote bila kuaga, ya mvua, nusu saa tu." Akavaa miwani. "Sikuja."

"Sasa inawezekana kubadilisha?"

"Kupima upya inawezekana. Andika haya uliyoniambia, weka sahihi. Nitadai vipimo vya ghafla. Lakini nisikudanganye. Mtambo wa kwanza umekula fedha ya miaka mitano ijayo. Watakachokubali kwanza labda ni paa la kukaushia maganda. Mnara, sijui lini. Na wewe watakuuliza."

Mjomba aliandika pale pale, kwa mkono, karatasi mbili. Mimi nikaongeza mistari yangu chini, kwamba nilikuwepo na nilichekecha.

Walimuuliza kweli. Vipimo vya ghafla vilifanyika Jumanne ya mvua, karatasi zikatoka nyeusi zinang'aa kama lami, na wiki iliyofuata mjomba alihamishiwa stoo ya vipuri. Hawakumfukuza. Anagawa nati na mikanda ya feni, ana dirisha dogo la waya. Boila anaisikia kupitia ukutani tu, na akisikia imelishwa vibaya anaangalia chini. Mimi hawakunigusa, kwa maboksi ya sabuni nani anajali. Kamati ya kiwanda imesema itakaa kuujadili mtambo. Tarehe haijatoka, na la paa halizungumzwi tena.

Ijumaa bibi akapiga. Mjomba aliweka simu iwe ya sauti, sijui kwa nini, labda alitaka shahidi. Wakasalimiana. Bibi akauliza habari za majirani, mmoja mmoja. Akauliza kama nimeoa. Halafu akauliza lake.

Mjomba aliinama juu ya simu, nikajua leo hasomi uso wa mtu.

"Haujaisha, mama. Haukupungua. Nilikuwa nakudanganya." Akaendelea asije akasimama. "Na mtambo ulikosewa kwa sababu yangu. Walipopima niliwawekea maganda makavu. Waliniuliza, sikusema."

Tulisikia pumzi za bibi, zile za kupanda mlima, na nyuma yake redio ya mama yangu.

"Uliwawekea yale ya bandani?"

"Ndiyo."

"Ukayachekecha?"

"Tuliyachekecha."

"Eeh," bibi akasema. "Ingekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo." Akapumzika. "Na la kantini?"

Mjomba akaanza kuifuta meza kwa kiganja.

Bibi naye hakumsaidia. Alisubiri kiasi, kisha akasema kwamba kitanda chake kikikaa bure kitaliwa na mchwa, kwa hiyo mjomba ampe jirani wa pili, yule mwenye watoto wengi, na godoro pia, ila mashuka ayatume huku kwenye basi. Mjomba akasema sawa, mama. Bibi akasema anasikia usingizi, simu ikakatika.

Jumamosi tulikibeba kile kitanda sisi wawili. Kilikataa kupita mlangoni, ikabidi mjomba aende kuleta spana tukifungue miguu.